Sura ya Nne: Taa Iliyowaka Kilimani

Basi la Bukoba lilikuwa likipita Nkwenda saa nane mchana, na Sajini Gaudiosus alikuwa ameshaandika jina la Fidele Karekezi kwenye karatasi ya kusafirisha mahabusu. Kilichobaki ni pingu tu, nazo zilikuwa mezani, juu ya faili.

Koplo Renatha alisimama mbele ya meza hiyo, kofia mkononi. Ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi.

"Afande, naomba muda mpaka basi lifike."

"Ukatafute nini?"

"Sababu ya ile taa kuwaka."

Sajini alicheka puani. "Taa iliwaka kwa sababu gari ni bovu, Renatha."

"Bovu wapi, afande?"

Sajini alivuta faili, akalipekua kama mtu anayetafuta kitu ambacho anajua hakipo. Humo ndani mambo yalikuwa yameandikwa vizuri, kwa mwandiko wa kulala. Zahanati ya wanakijiji kule Kimuli ilikuwa na Landrova moja na dereva mmoja. Siku ya Jumatatu asubuhi, Karekezi alimpakia mwanamke aitwaye Mukantabana, uchungu umemkaba, kumkimbiza hospitali. Walipofika katikati ya kilima, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Karekezi akazima injini palepale. Mukantabana akajifungulia kando ya barabara, juu ya majani ya migomba, mikononi mwa muuguzi. Mungu si Athumani. Mama mzima, mtoto mzima, na shangazi zake walikuwa wameshaanza kumwita Landrova.

Lakini kamati ya zahanati ilikaa. Katibu wake, Mzee Polikarpi, alichukua kitabu cha safari akakilinganisha na mita ya gari. Kati ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi mita ilikuwa imekula kilometa sitini na mbili, na kitabuni hapakuwa na safari yoyote. Kamati ikasema, ni kwenda na kurudi mpakani hiyo. Ni kahawa ya magendo. Dereva kaliiba gari usiku, kaichosha injini, na kidogo amuue mama wa watu. Na kwa kuwa baba yake Karekezi alivuka kutoka Rwanda na mkeka kichwani, wengi hawakuona taabu kuamini.

"Gari liliendeshwa usiku, likaharibika," alisema Sajini. "Dereva ni mmoja. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Akifika Bukoba watamuuliza na hati za ukaazi, halafu tutakuwa tumemaliza."

"Akifika Bukoba harudi, afande."

"Hilo si kazi yangu wala yako." Alimtazama Renatha, akatazama saa ya ukutani. "Haya, nenda. Ila basi halingoji mtu. Usidhani nitalishika mkia."

* * *

Mahabusu ya Nkwenda ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa nondo. Nje ya nondo hizo alikaa Mukandekezi, mke wa Karekezi, na kikapu cha viazi na maharage. Ndani, Karekezi alikuwa amesimama. Alikuwa mtu mrefu, ovaroli yake safi kuliko sare za polisi wote wa kituo.

"Jumamosi jioni ulilaza gari wapi?" aliuliza Renatha.

"Uwanjani pa zahanati, afande. Saa kumi na mbili."

"Lilikuwa na ugonjwa?"

"Halikuwa nao. Maji nilitazama. Oili nilitazama."

"Na ufunguo?"

"Nilimpelekea Mzee Polikarpi nyumbani. Kila jioni nampelekea. Ndiyo amri ya kamati."

"Yeye anasema hujawahi kumpelekea. Anasema unalala nao."

Karekezi alitikisa kichwa taratibu. "Nimesikia anavyosema."

"Nani alikuona Jumamosi usiku?"

"Mke wangu."

"Mke hahesabiwi," alisema Mukandekezi kutoka chini, bila kuinua macho. "Tumeshaambiwa."

Renatha aliandika. Halafu akauliza lile lililokuwa likimkera tangu Jumatatu. "Kwa nini ulisimama pale kilimani? Umebeba mgonjwa. Wengine wangekazana mpaka juu."

"Taa nyekundu ikiwaka unazima, afande. Ukikazana, injini inakufa, halafu mgonjwa na gari wote wamebaki. Mimi nilifundishwa hivyo, na taa haijawahi kunidanganya."

Renatha alifunga daftari. Mtu mwenye kosa, aliwaza, angetaka gari lifike kwanza, aibu ije baadaye.

* * *

Gereji ya Fundi Ramadhani ilikuwa kibanda cha mabati mkabala na duka la Seif. Landrova ilikuwa imevutwa hadi hapo na lori la kahawa, ikaachwa imeelekeza pua barabarani. Fundi alikuwa mfupi, mwenye kanzu kuukuu chini ya koti la kazi. Babu yake alitoka Tanga, na yeye hakuacha mtu asahau hilo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Umekuja kuchukua maiti?"

"Nimekuja kujua imekufaje."

"Haijafa. Njoo uone." Aligeuza ufunguo nusu. Kwenye dashibodi taa ndogo ikawaka, nyekundu, yenye alama ya kikopo cha oili. "Huyo ndiye mshitakiwa wako. Sasa angalia." Akawasha. Injini ikakohoa, ikakamata, na taa ikazimika.

Renatha akainama. "Imezimika!"

"Imezimika."

"Basi gari ni zima?"

"Nimesema hivyo mimi? Wewe polisi una haraka kuliko mimi niliye na njaa." Aliacha injini ingurume. "Taa hii haisemi gari linaumwa nini. Inasema oili haina nguvu ya kusukumwa huko ndani. Sababu ni nyingi. Moja, oili imepungua." Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya tena. Oili ilifika kwenye alama ya juu. "Haijapungua. Mbili, waya umekatika au umegusa chuma, taa inawaka bure." Aliingia na bisibisi chini ya boneti, akachomoa waya mmoja, akaurudisha. "Waya ni mzima."

"Sajini anasema labda oili ni mbaya. Imechanganywa."

Kutoka ng'ambo ya barabara sauti ikapaa. "Nani anasema oili yangu imechanganywa?" Seif alikuwa ametoka nje ya duka lake na mizani mkononi.

"Sajini," alijibu fundi kwa furaha.

"Mwambieni Sajini aje anunue chumvi hapa tena!"

Fundi alichukua tone la oili, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa, akalidondosha kwenye kipande cha gazeti. Tone likatulia pale, jeusi, bila kuachia mduara wa maji pembeni. "Oili ya Seif ni safi. Roho yake ndiyo imechanganywa."

"Nakusikia, Rama!"

Renatha hakucheka. Alikuwa akiitazama taa. Dakika kumi zilipita, kumi na tano. Injini ikaanza kutoa joto linaloonekana, hewa inacheza juu ya boneti. Kisha ile taa ikapepesa, mara moja, kama jicho la mtu anayeota. Ikapepesa tena. Ikawaka, ikabaki imewaka.

"Fundi!"

Ramadhani alizima injini upesi. Sasa hata yeye hakuwa na utani usoni. "Ikiwa baridi inazimika. Ikipata joto inawaka. Umeelewa?"

"Nieleze."

"Oili ikichemka kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Pampu inasukuma, oili inapita tu, haina nguvu. Taa inawaka. Basi oili haina kosa. Kosa ni joto. Tuulize joto linatoka wapi."

"Tuulize," alisema Renatha, akakunja mikono ya sare.

Mkanda wa feni ulikuwa mgumu, haujalegea. Waliisubiri injini ipoe, wakafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha jagi moja, nayo yalikuwa na rangi ya tope jepesi, na uzi wa jani la kinamasi unaelea.

"Karekezi anaweka maji ya aina gani?" aliuliza Renatha.

"Ya bomba la zahanati. Anayachuja kwa kitambaa, mpaka tunamcheka. Haya si maji yake."

Renatha akaandika. Mtu mwingine aliwahi kuliongeza gari hili maji, na aliyachota kwenye bwawa.

Fundi aliongeza maji safi, akawasha tena, akachana ukurasa mzima wa gazeti. Aliupeleka mbele ya pua ya gari. "Feni ikivuta hewa vizuri, karatasi inang'ang'ania yenyewe." Akaibandika pembe ya juu, akaachia. Karatasi ikashika. Akaishusha katikati, akaachia. Ikaanguka miguuni pake. Akaiokota, akajaribu chini kabisa. Ikaanguka tena.

Walitazamana.

"Hewa haipiti," alisema Renatha.

"Pua imeziba. Nipe spana hiyo."

Mbele ya rejeta fundi mwenyewe alikuwa amefunga wavu wa chuma miaka miwili nyuma, kuzuia kokoto. Nati nne zilikuwa zinaushika. Mbili za juu hazikuwepo. Ya tatu ilikuwa na makovu mapya, kama iliyobanwa kwa koleo na mtu asiyekuwa na spana. Fundi alitukana kwa adabu, akaufungua wavu, akauvuta.

Nyuma ya wavu, kuanzia katikati kwenda chini, rejeta ilikuwa imeshindiliwa senene, wale panzi wa kuliwa. Wa kijani, wa kahawia, mamia, wameshonana kama kahawa kwenye gunia, wameokwa na joto hadi wamekuwa ngozi moja. Sehemu ya juu, kiasi mkono unavyoweza kuingia, ilikuwa tupu.

"Masikini," alisema fundi. "Wamekufa kifo cha kiwandani."

"Senene wanafuata mwanga," alisema Renatha polepole. "Mchana hawaji hivi. Hili gari lilipita katikati yao usiku, taa za mbele zimewashwa."

"Basi umemfunga kabisa rafiki yangu."

"Seif!" Renatha aliita. "Senene wameanguka lini huku?"

Seif, ambaye hakuwa ameacha kusikiliza, akaja hadi katikati ya barabara. "Jumamosi usiku walianguka kule bondeni, njia ya mpakani. Hapa Nkwenda wamefika jana. Mke wangu Adija kauza kopo la kwanza jana asubuhi. Kimuli bado. Watu wa Kimuli wanatazama juu mpaka shingo zinauma."

"Una hakika Jumapili hapakuwa na senene sokoni?"

"Wangekuwepo, mimi ningelala njaa?"

"Si unasema watu wa pwani hawali wadudu?" alidakia fundi.

"Babu yangu wa pwani hakula," alijibu Seif. "Mimi sikumuahidi kitu."

Renatha alikuwa ameshainama tena kwenye ile nafasi tupu ya juu. Aliushikiza wavu mahali pake, akaingiza mkono kwa juu. Ulifika pale pale palipoishia usafi. "Fundi, hawa wa juu hawakuanguka wenyewe. Wameokotwa. Aliyeendesha gari alisimama, akafungua nati mbili za juu, akawatoa mkono ulipofika. Wa chini wakabaki, na Jumatatu wakaziba pumzi ya gari."

"Senene ni senene. Nani angewaacha?"

Renatha alizunguka ubavuni mwa gari. Alifungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa safi. Aliinua mkeka wa mpira uliokuwa chini ya pedali, akapiga goti.

Chini ya mkeka palikuwa na mbawa. Mbawa nyembamba kama karatasi ya sigara, miguu mirefu yenye meno ya msumeno, na vitu vidogo vya mviringo, vikavu, vyenye macho. Aliviokota kimoja kimoja kwenye kisanduku cha kibiriti.

"Uchafu huo," alisema fundi begani pake.

"Ni vichwa."

"Sasa?"

"Fundi, mimi nimenyonyoa senene tangu sijajua kutembea vizuri. Unatoa mbawa, unatoa miguu, unatoa sharubu. Kichwa hutoi. Ukitoa kichwa, mafuta yote yanatoka, na shangazi anakupiga kibao." Alifunga kibiriti. "Kazi hii haikufanywa na mwanamke. Na haikufanywa na mtu aliyewahi kukaa karibu na wanawake wakinyonyoa. Ni mwanaume, alikaa humu akisubiri injini ipoe."

* * *

Alipita kituoni kuchukua pikipiki. Sajini alikuwa akinywa chai. Renatha alikwenda kwanza kwenye nondo.

"Fidele, unakula senene?"

Mukandekezi ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Afande dada, umekuja kututukana?"

"Nauliza."

"Sisi kwetu hatuli panzi. Sufuria yangu haijawahi kuona kitu hicho. Mtu akila huko alikokula, kikombe chake nakiosha mara mbili."

"Na ukiwakuta wamejaa kwenye gari?" Renatha alimuuliza Karekezi.

"Ningewapuliza kwa bomba la maji."

"Huwezi kuwaokota ukauze?"

Alifikiri kwa unyofu wa mtu anayeulizwa bei ya kitu. "Ningewauza, ningewapeleka wazima, na mbawa zao. Watu wa hapa wanapenda kunyonyoa wenyewe."

Renatha alitazama saa. Saa tano kasoro.

* * *

Nyumba ya Mzee Polikarpi ilikuwa juu kidogo ya zahanati ya Kimuli, ndani ya migomba, kuta zimepakwa chokaa. Mzee hakuwepo, alikuwa kwenye kikao. Mkewe, Mama Placidius, alikuwa nje ya jiko anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, waitu, mtu wetu, karibu. Na jua hili na hicho chombo cha moto! Kaa."

Alimtandikia mkeka kivulini, akaleta maji, kisha akaingia ndani na kukaa kidogo, kama mtu anayebishana na nafsi yake. Alirudi na kisahani amekifunika kwa kiganja.

"Mgeni hawezi kuondoka na maji matupu. Lakini usinicheke."

Alitoa kiganja. Kwenye kisahani palikuwa na senene waliokaangwa, wekundu wa kupendeza. Hata mmoja hakuwa na kichwa.

Renatha alimchukua mmoja, akamgeuza kidoleni. Chini ya harufu ya chumvi na kitunguu palikuwa na harufu nyingine, ya mbali.

"Mama, Kimuli senene wameshaanguka?"

"Wameanguka wapi! Hawa kaleta Baba Placidius. Jumapili, kabla ya misa ya kwanza. Anasema kawanunua kwa mwanamke mmoja wa Nkwenda, wameshanyonyolewa. Nikamuuliza, mwanamke gani huyo, hana mama? Tazama kazi hii! Nimewaosha maji matatu, bado wananukia taa ya chemli."

"Ni kweli wananukia."

"Na hilo siyo linaloniuma." Mama Placidius alisogea karibu. Alikuwa ametafuta mwanamke wa kumwambia neno hili tangu Jumapili. "Wewe ni mtu wa huku, unajua mila. Mke ndiye anayemletea mume senene wa kwanza, mume anamvika. Miaka ishirini na mitatu mimi nimewaleta, nimepata kitenge changu kila mwaka. Mwaka huu kawaleta yeye! Namuuliza, kitenge? Ananiambia, kitenge cha nini, wewe umetoka kwenda porini? Umeona ujanja huo? Mwanaume mzima ananiwahi senene ili asinivike!"

"Huo ni uonevu, mama."

"Ni uonevu!"

Renatha alikunywa maji. "Karekezi huwa anapita hapa?"

"Fidele? Kijana wa watu ana adabu. Kila jioni akileta ufunguo lazima aniamkie, anywe maji. Anautundika mwenyewe pale msumarini, chini ya picha ya Bikira Maria."

"Jumamosi aliuleta?"

"Aliuleta. Nilimpa na ndizi."

"Kamati haikukuuliza jambo hilo?"

Mama Placidius alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kamati imuulize mwanamke? Mimi napika chai ya kikao, mwanangu."

Kengele ya baiskeli ililia kwenye migomba. Mzee Polikarpi aliteremka, akaegemeza baiskeli, akavua kofia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Aliona sare. Akaona kisahani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Koplo, kuna nini? Mimi maelezo yangu nimeshatoa."

"Nimekuja kwa senene, mzee. Mama kanikaribisha. Umewatoa wapi?"

"Nkwenda. Sokoni."

"Jumapili, kabla ya misa ya kwanza?"

"Kwa mwanamke mmoja."

"Nkwenda wameanguka jana. Jumapili walikuwa sehemu moja tu, njia ya mpakani." Renatha alitoa kibiriti, akakifungua, akamwaga vilivyomo juu ya mkeka, kandokando ya kisahani. Vichwa vidogo vikavu vikalala huku, miili iliyokaangwa huku. "Hivi nimeviokota leo ndani ya Landrova, chini ya miguu ya dereva."

Mama Placidius alitazama vichwa, akatazama kisahani, akamtazama mumewe.

"Baba Placidius," alisema. "Ndiyo wewe yule mwanamke wa Nkwenda?"

Polikarpi alikaa kwenye kigogo cha kukalia bila kuangalia kama kipo. Alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Ilikuwa safari moja tu," alisema. "Magunia sita ya kahawa. Nilimwona mtu mmoja, akasema safari moja tu."

"Gari likachemka."

"Wakati wa kurudi. Pale bondeni walikuwa kama mvua, sioni mbele. Gari likaanza kutoa moshi, taa ikawaka. Nikafungua boneti, nikapata maji ya kinamasi. Halafu nikamulika pale mbele..." Aliinua mikono, viganja vitupu. "Walikuwa wamejaa, koplo. Wanono. Injini haipoi, nimekaa kwenye kiti saa nzima na senene magotini. Wewe ungefanya nini? Ungewatupa?"

Renatha pia asingewatupa.

"Ningeacha vichwa vyao, mzee," alisema, akasimama. "Na nisingemwandikia mtu mwingine kilometa zangu. Twende."

Alifunga senene waliobaki kwenye jani la mgomba, akalitia mfukoni. Polikarpi alipanda nyuma ya pikipiki, akashika chuma cha kiti, maana kumshika koplo kiuno hakuthubutu. Walikuwa wameshaanza kuteremka waliposikia sauti nyuma yao, kali, inayopenya migomba yote.

"Baba Placidius! Na kitenge changu?"

* * *

Basi lilikuwa limewahi. Renatha aliisikia honi yake kabla hajaliona. Lilipojitokeza mbele yake, Karekezi alikuwa na pingu mikononi na mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango, Sajini Gaudiosus nyuma yake, na Mukandekezi amesimama na kikapu kilichokuwa bado na viazi. Kondakta alikuwa akipiga bodi ya basi kwa kiganja.

"Afande!" Renatha alizima pikipiki. "Jina kwenye karatasi libadilishwe."

Sajini alimtazama Polikarpi, aliyekuwa akishuka taratibu, vumbi hadi kwenye nyusi. "Kwa ushahidi gani?"

"Senene."

Kondakta alicheka kwa sauti, abiria wa dirishani wakacheka naye. Renatha alifungua jani la mgomba juu ya kiganja chake. Sajini aliinama. Alikuwa mwenyeji wa Karagwe, kazaliwa na kukulia huko, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimchukua mmoja, akatazama mahali ambapo kichwa kingekuwa. Akamnusa.

"Dizeli," alisema kwa huzuni, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Akamgeukia Polikarpi. "Mzee Polikarpi. Wewe? Na huyu umemnyonyoa wewe?"

Polikarpi aliinua viganja vyake, akavitazama.

"Kondakta, ondoa basi," alisema Sajini. Kisha akatafuta ufunguo wa pingu, akautafuta kwenye mfuko wa kushoto, kulia, shati, mpaka Mukandekezi akamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wake.

Karekezi hakwenda nyumbani. Alivuka barabara hadi gereji, mkewe nyuma yake, akaliinamia gari lake. Fundi Ramadhani alikuwa ameshaipiga rejeta maji kwa bomba, na kuku wa Seif walikuwa wakila karamu ya mwaka. Gazeti liliwekwa mbele ya pua. Likashika juu, likashika katikati, likashika chini.

Aligeuza ufunguo. Taa ikawaka. Injini ikakamata, taa ikazimika.

"Haya, imepona," alisema Sajini, aliyekuwa amesimama dirishani bila kujua afanye nini na mikono yake. "Sasa mbona hushuki?"

"Naisubiri ipate joto, afande."

Alisubiri dakika ishirini, mikono kwenye usukani, alama za pingu bado zinaonekana. Renatha alisubiri upande wa pili wa kioo. Joto likapanda, hewa ikacheza juu ya boneti, na ile taa ikabaki nyeusi kama jiwe.

Ndipo Karekezi alipofungua kisanduku cha mbele, akatoa kitabu cha safari na kalamu ya risasi. Akatafuta ule mstari uliokuwa wazi kati ya Jumamosi na Jumatatu, akaandika kwa herufi kubwa za mtu anayeheshimu kitabu: *Kilometa 62. Dereva: si mimi.*

Akampa Renatha atie sahihi.